Efrazia ni Nani?

Mwaka wa sabini na tano, mjini Lushoto. Benchi letu liko nje ya duka la ushirika lisilo na sabuni wala sukari. Hapo tunakunywa kahawa chungu na kulijenga taifa kwa mdomo. Mimi wananiita Digrii, kwa kejeli: nimemaliza chuo kikuu cha Mlimani, wizara bado inafikiria pa kunipeleka, nami nafikiria namna ya kuitukana. Leo Rubeni seremala kaja macho mekundu. Jana binti yake mchanga alilia kutwa. Kwetu mtoto akilia hivyo anadai jina. Shangazi humtajia mabibi waliokufa, mmoja mmoja, na atakayemnyamazia ndiye anayemrithi. Shangazi akaishiwa mabibi. Rubeni, hoi, akaropoka: “Efrazia!” Mtoto kimya. Lakini ukoo mzima hauna Efrazia, hai wala marehemu, na mkewe Klara anafunga mizigo arudi kwao Mazinde.

— Nisaidieni jamani, alisema Rubeni. Nikimpelekea maana ya hilo jina, atatulia.

— Hiyo ni nchi, alisema Salimu, tunayemwita Redio kwa sababu anayo. Mreno katoka huko juzi tu. Mtoto kasikia taarifa ya habari.

— Akiwa tumboni?

— Redio yangu ina sauti, bwana!

Kristofa Katekista akatikisa kichwa.

— Ni mtakatifu. Kaulizeni masista wa Kifungilo.

— Rubeni ni Mlutheri, nilisema. Mtakatifu wenu kaingiaje mle?

— Mlango ulikuwa wazi.

Bakari, balozi wetu wa nyumba kumi, akaweka kikombe chini.

— Mnazunguka bure. Huyo ni bibi wa Kijerumani. Wajerumani walikaa milima hii miaka na miaka, unadhani walikuwa wanalima kabichi tu? Rubeni, babu yako hakuwa mweupe mweupe?

— Babu yangu alikuwa mgonjwa wa ini, Balozi!

— Nonsense! niliruka. Ni Kigiriki. Maana yake furaha. Full stop.

— Hao Wagiriki wana vijiji vya ujamaa? aliuliza Balozi.

— Hawana.

— Basi furaha wataijulia wapi?

— Unajua Kigiriki na kazi huna, Redio akanichoma. Pole, msomi.

Rubeni akashika kichwa.

— Sasa nikamwambie nini? Mtoto ni nchi, ni mtakatifu, ni Mjerumani mwenye furaha?

— Mwambie vyote, achague.

Hakukuwa na haja ya kwenda. Klara alikuwa anakuja, furushi kichwani, mtoto mgongoni.

— Onga mahundo, wazee. Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu, alijibu Balozi. Tulia. Jina tumeshalipatia maana, tena nne.

— Maana sina shida nayo, babangu. Nauliza kitu kimoja. Majina yote duniani, kwa nini hilo ndilo lililomjia mdomoni?

Mimi, na Kigiriki changu chote, nikamsogezea kahawa.

Chini barabarani basi la Mombo likapiga honi. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Klara akamfungua mgongoni, akampa baba yake.

— Haya. Mnyamazishe.

Rubeni alifungua mdomo. Akamtazama mkewe. Akaufunga.

Benchi zima tulilijua neno la kumnyamazisha yule mtoto. Hakuna aliyethubutu.