Dada Aliyejua Dakika za Gari la Wagonjwa

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, kifungua mimba wa seremala na mkunga. Alisoma shule ya msingi na sekondari karibu na nyumbani, akahitimu stashahada ya takwimu mwaka 1993.

Mwaka 1995 aliajiriwa na manispaa kuwa karani wa takwimu. Manispaa ilipofungua tovuti ya takwimu kwa wananchi wote, mwaka 2016, alikabidhiwa ukurasa wa magari ya wagonjwa. Kila Ijumaa aliwapigia madereva mmoja mmoja: "Uliitwa saa ngapi? Ukafika saa ngapi?" Wakambandika jina la Mama Saa Ngapi, naye akaitika. Kwa takwimu zake baraza liliona kuwa kata ya machimbo ndiyo inayongoja kuliko zote, likapeleka gari huko. Kata yetu ilikuwa ya pili, wastani wa dakika tisini na moja. Wenzake walimshauri aongeze kidogo, gari lije kwetu kwanza. Akawajibu, "Nikidanganya hapa, nani ataniamini kwingine?" Kweli mganga hajigangi.

Aliolewa na fundi cherehani tarehe 6 Desemba 1997. Bwana harusi alichelewa dakika kumi na saba, na maskini shemeji yetu alikumbushwa kila mwaka. Walijaliwa mabinti wawili.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2019. Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, alianguka jikoni, upande mmoja ukafa ganzi. Aliyekuwa naye ni mdogo wake, huyu anayewasomea.

"Usiite gari la manispaa," alisema kwa taabu. "Teksi. Pale kona."

"Tulia, Dada. Nimeshapiga, wanasema wako njiani."

"Wako njiani siku zote. Kwani hujasoma?"

Hakuwa amesoma. Alidhani ni woga wa mgonjwa, akamshika mkono, wakangoja. Teksi zilikuwa mwendo wa dakika nne kwa miguu. Gari lilifika saa kumi kasoro dakika tano, na dada akakata roho kabla ya kuiona hospitali. Kesho yake ndipo mdogo wake alipoufungua ukurasa ule kwa mara ya kwanza.

Ameacha mume, mabinti wawili na mdogo wake, ambaye anaomba radhi hapa mbele ya shemeji na wapwa zake. Mwenye mgonjwa katika kata hii asikae kungoja, akimbilie kona.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu bila kumngojesha.