Picha Nilizosema Zimeliwa na Mchwa

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu leo haifiki mbali. Wewe kifungua mimba, acha kulitazama hilo dirisha lisilofunga, utalitengeneza nikishaondoka, maana nyumba hii ni yenu wawili: chumba cha barabarani weka karakana yako ya useremala, vyumba vya nyuma na jiko ni vya dada yako, wala asije mtu akawagombanisha. Ya nyumba yamekwisha. Lililobaki ndilo zito.

Vuteni sanduku lililo chini ya kitanda hiki, mlifungue. Mnaziona? Ndizo picha nilizowachorea watoto wa darasa la Jumapili, moja moja, kwa mkono wangu: yule msafiri aliyefungwa majeraha njiani, Bwana akiwaosha wanafunzi wake miguu. Hazikuliwa na mchwa. Nilidanganya.

Mama Kicheko, yule mshonaji, alipohamia kanisani kwetu, wazee waligawa darasa langu nusu kwa nusu. Mimi nikabaki ndani, yeye akakaa barazani. Watoto wangu wananyamaza kama nilivyowafundisha, na huko nje wanaangua kicheko, naye anawapita wote kwa kucheka. Jumapili moja mtoto wa miaka sita akaniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, hadithi zako tunazijua mwisho. Za Mama Kicheko hata mwenyewe hajui zitaishaje." Akabeba kiti chake, akatoka. Usiiname, kitinda mimba wangu. Mtoto huyo ni wewe.

Nilimwonea wivu Mama Kicheko, wanangu, wivu wa kuamka nao na kula nao. Nilivionea wivu hata viatu vyake vilivyotoboka, kwa kuwa watoto waligombania kumfungia kamba zake. Akaja akasimama mlangoni hapo: "Dada yangu, niazime zile picha, hata Jumapili moja tu. Mimi nikichora punda anatoka meza." Nikamjibu, "Pole, mchwa wamezila zote." Akanipa pole, yeye! Kesho yake akaja na dawa ya mchwa, akapiga magoti akainyunyiza kila pembe ya chumba hiki, mkono wake ukipita karibu kabisa na sanduku, nami nimesimama namwangalia. Na Jumapili iliyofuata niliwafundisha watoto kwamba Bwana aliwaachia wanafunzi wake alama moja ya kutambulikana, nayo ni kupendana. Niliwataka walirudie mara tatu. Walijibu vizuri. Aliyefeli ni mwalimu.

Nawe, binti yangu, nikakukataza kumwendea. Ulilia siku tatu, kisha ukajifunza, ukajifunza vizuri mno. Mpaka leo mnapishana mlangoni, yeye amebeba maji ya kuniogesha, na wewe humsalimii, ukidhani unanilindia heshima. Hilo ndilo linalonitisha, si kifo. Nyumba nimewapa kwa hiari yangu. Huu wivu sikukusudia kukurithisha, na tayari umeshaupokea.

Wala msidhani wivu huo umeniishia. Jana aliponigeuza ubavu alisema neno la kuchekesha, nami nikajifanya nimelala ili asijue kwamba nimecheka, huku nawaza kwamba hata siku ya mazishi yangu watoto watamkimbilia yeye. Ndivyo nilivyo. Mungu ananijua.

Basi fanyeni hivi. Picha zote ni zake. Msimwambie mmezikuta kwa bahati. Mwambieni, "Mama yetu alizificha miaka kumi na tisa." Hapana... ngojeni. Nitasema mwenyewe. Yuko nje, namsikia anaanika mashuka yangu. Mwanangu, niinue, niegemeze ukutani, nisije nikajifanya tena nimelala. Polepole. Hapo hapo. Nipe maji... asante.

Mungu awabariki, wanangu, awape kupendana mkiwa bado na nguvu, msingoje mpaka mlazwe kitandani kama mimi. Awape watu wa kuwachekesha na kuwaosha. Awa... pumzi hii.

Kamlete, binti yangu. Wewe, si kaka yako. Mshike mkono, umwambie mama anakuita, naye akiingia mpishe akae hapa, kichwani pangu.

Bado umesimama?

Nenda, mama. Nenda, nikingali na sauti.