Benchi Moja na Baba Mkwe

"Kompyuta ndiyo imepanga, mama. Mimi siwezi kubishana na kompyuta."

Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipokwisha. Nilikuwa nimesimama kwenye dirisha la ofisi ya chuo, mjini Kisii, mtoto mgongoni analia njaa, na karani ananijibu huku macho yakiwa kwenye simu yake. Nikamuuliza, "Wewe una mama mkwe?" Akasema anaye. "Ungekaa naye benchi moja, magoti yakigusana, mkishika kipanya kimoja kwa zamu?" Akaweka simu chini. Ni mtu wa Keroka huyo, Mkisii kama mimi, alijua vizuri ninachouliza. Kisha akasema, "Hayo ni mambo ya kijijini. Hapa ni chuo."

Ndugu zangu wapendwa, nilipiga ile mbao ya dirisha kwa kiganja mpaka mihuri yake ikaruka. Mchungaji atanisamehe. Mpaka leo nikikumbuka lile jibu, kiganja kinaniwasha tena.

Ngoja nianze mwanzo, maana wengine mmesikia hadithi hii sokoni Keumbu na imeongezwa chumvi.

Mnanijua. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa huku upande wa Nyamira, nikapata mtoto, na tangu hapo mikono yangu ikawa ya majani chai na nepi. Nikasikia chuo kimeanzisha kozi fupi ya watu wazima: kompyuta, akili unde kidogo, mawasiliano, na namna ya kutafuta kazi na kukua ndani yake. Nilimwambia mama mkwe peke yake. Akasema, "Nenda. Mtoto ni wangu pia." Hakuuliza kingine.

Siku ya kwanza naingia darasani, nani ameketi mstari wa mbele, koti la kanisani, kalamu mbili mfukoni? Baba mkwe wangu. Nyumbani alikuwa ameaga kwamba anafuatilia mambo ya pensheni. Mzee huyu alikuwa karani wa kituo cha kununulia majani chai, akastaafu, na amechoka kuona wajukuu wakimbonyezea simu kama mgonjwa anayelishwa uji. Aliniona, nikamwona, kila mmoja akatazama ubao kana kwamba umeandikwa kitu.

Yuko hapa leo, upande wa wazee. Sitageuka kumtazama. Ameniruhusu kusema haya, na ruhusa ilikuja kupitia kwa mama mkwe.

Kwa wageni walio kati yetu, nieleze. Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa umbali. Hatupeani mikono. Haingii nyumbani mwangu. Siketi naye kiti kimoja. Tunaiita chinsoni. Anayedhani hiyo ni chuki hajawahi kuugua, akakuta maziwa mlangoni, akauliza nani ameyatuma.

Darasani hakukuwa na shida. Yeye mbele, mimi nyuma. Na nawaambia ukweli, sijawahi kupenda kitu kama nilivyopenda yale masomo. Mwalimu wa kompyuta alikuwa kijana mpole, anarudia jambo mpaka mzee wa mwisho aelewe, bila kuguna. Siku moja alituonyesha mashine inavyofundishwa kutambua jani zuri la chai na jani bovu. Anaionyesha picha, inajifunza. Nilishangaa, ilipatia karibu zote. Kisha akaiwekea jani zuri lililolowa mvua, ikasema bovu. Darasa likacheka. Akasema, "Msiicheke. Haijawahi kuonyeshwa jani lililolowa. Kila mashine ikikosea, ulizeni nani aliifundisha, na alisahau kuionyesha nini."

Hilo swali nililiweka moyoni kama mbegu. Sikujua nitalihitaji lini.

Kisha yakaanza mazoezi ya maabara. Mashine ni chache, kwa hiyo wanafunzi wanakaa wawili wawili, na majina yamebandikwa mlangoni. Nikasoma. Jina la ukoo wa mume wangu, mara mbili, mstari mmoja. Baba mkwe na mimi. Mashine moja, benchi moja, fupi kama la watoto wa nasari.

Tulisimama pale kila mmoja upande wake. Mzee akakohoa, akaliambia dirisha, "Kuna mtu nimemwahidi tuonane stendi." Akatoka. Na mimi ningekaaje kwenye kiti nilichomfukuzia mzazi? Nikatoka pia.

Sasa sikieni upumbavu wa heshima. Wiki iliyofuata nikajiambia, mzee wa watu ameanza kusoma uzeeni, acha nimwachie mashine. Somo likiisha, mazoezi yakianza, nikapita mlango wa nyuma nikaenda zangu. Yeye naye alijiambia, mtoto huyu ana maisha mbele, acha nimwachie mashine. Akapita mlango wa mbele, akaenda kusoma gazeti stendi mpaka giza likaribie, ili nyumbani waone ametoka kusoma. Tukafanya hivyo wiki baada ya wiki. Kila mmoja akidhani mwenzake anajifunza. Ile mashine ilikaa peke yake kama bibi harusi aliyeachwa kanisani.

Msimamizi wa maabara aliandika tu, hayupo, hayupo. Hakuuliza mtu.

Siku moja likabandikwa tangazo la waliozuiwa kufanya mtihani kwa kukosa mazoezi. Majina yetu mawili yalikuwa pale, bado yamefuatana. Bila mtihani hakuna cheti, na bila cheti ningerudi kwenye chai bila kitu cha kumwonyesha mtoto wangu. Nilipoliona jina la mzee ndipo nikaelewa alichokuwa akinifanyia. Ndipo nikaenda ofisini, siku ambayo mama mkwe alikuwa amekwenda kuchuma majani chai na mtoto nilikuwa naye. Mengine ya dirishani mmeshayasikia.

Nilifika nyumbani nikamweleza mama mkwe yote. Alikuwa anapepeta wimbi, ulezi wa uji. Akaweka ungo chini. "Ngoja," akasema, "kwa hiyo wewe ulikuwa unamwachia?"

"Ndiyo mama."

"Na yeye alikuwa anakuachia?"

"Naona hivyo."

"Basi nani alikuwa anasoma?"

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso, halafu yale machozi yakawa machozi kweli. Akainuka, akaenda kwa mumewe, na mimi nikabaki jikoni.

Baada ya muda nikasikia mzee yuko kwenye zizi, karibu na dirisha langu. Anaongea na ng'ombe. Anakamua na kuongea, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika.

"Wewe ng'ombe," anasema, "umewahi kuona mzee anakwenda shuleni kumharibia mtoto wake? Mimi nimeshafanya kazi yangu hapa duniani. Mtihani huo ufanywe na yule kijana, mimi nijitoe. Nitawaandikia nijitoe."

Nikamjibu nani? Nikaifokea sufuria. "Wewe sufuria, kama mzee wa boma hili anajitoa, na mimi najitoa, na hizo kalamu mbili tutawapa kuku."

Nasikia maziwa tu yakiingia kwenye ndoo. Kisha akasema, "Ng'ombe, huyu sufuria ana kichwa kigumu. Mwambie basi aandike, kwa kuwa ana maneno. Tutatia sahihi wote."

Hapo, wapendwa, ndipo nilipoinuka. Miaka yangu yote ya kuolewa sijawahi kusemwa kwamba nina maneno na ikawa sifa.

Mwalimu wetu wa mawasiliano, ambaye ndiye pia anafundisha mambo ya kazi, nilimpelekea barua ya kwanza. Ilikuwa na matusi matatu na methali moja mbaya. Alisoma yote. Akasema, "Hasira yako ni ya haki. Lakini ukiipeleka mbichi watajibu hasira, watasahau haki. Waambie kilichotokea, mtu ambaye hajawahi kufika Kisii aelewe." Alikuwa ametufundisha mwanzoni tusijieleze kwa kusema 'mimi ni mama tu', nami nilikuwa nimeanza barua hivyo hivyo. Nikakata. Nikaandika upya nikinyonyesha.

Barua ilipofika, ofisi ilitupa nafasi ya kufidia mazoezi, na mtihani tulifanya. Siku hizi mlangoni pa maabara kuna karatasi ya kuandika unataka kukaa na nani. Kwenye mazoezi ya kufidia mzee alikaa dirishani na fundi cherehani mmoja wa Kiogoro, mimi karibu na mlango na msichana anayeuza viatu.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru akina mama wa kanisa hili mlionishikia mtoto. Namshukuru mama mkwe wangu, ambaye hakwenda chuo ila ndiye aliyeuliza swali ambalo chuo hakikuuliza. Wale walimu wawili nawaombea kila Sabato. Na yule mzee, mnajua ninachotaka kusema, na yeye anajua. Kwa vijana nina neno moja: heshimuni, lakini heshima isiyotafuta njia ya kusema itawanyima chakula nyote wawili, kila mmoja akidhani mwenzake amekula. Na mtu akikuambia mashine ndiyo imeamua, usiondoke dirishani.

Wengi mmeniuliza niliandika nini. Naisoma kama nilivyoipeleka.

*Kwa Mkuu wa Kozi.*

*Sisi ni wanafunzi wawili wa kozi ya watu wazima. Mmoja ni baba wa mume wa mwenzake. Tulipangwa mashine moja na benchi moja, jambo ambalo mila yetu hairuhusu na ambalo watu wengi wa ofisi yako wanalifahamu. Hatukukosa mazoezi kwa uvivu. Kila mmoja alikuwa anamwachia mwenzake nafasi.*

*Tuliambiwa kompyuta ndiyo ilipanga. Katika kozi yako tumefundishwa kwamba kompyuta hufanya ilichoelekezwa. Tunalalamika kwamba aliyeielekeza aliipa majina yetu, akasahau kuieleza sisi ni nani, na kwamba tulipokuja kueleza wenyewe tuliambiwa hayo ni mambo ya kijijini. Tunatoka kijijini. Ada yetu ilipokelewa ikitoka huko huko.*

*Tunaomba turuhusiwe kufidia mazoezi na kufanya mtihani, wote wawili. Hakuna kati yetu atakayekubali kuufanya peke yake.*

Tulitia sahihi wenyewe, mezani, mzee kwanza. Alipomaliza aliweka kalamu katikati ya meza akarudi nyuma, nami nikaichukua.