Dkt. Consolata Mhina (1983–2025) na Kidole Kisichoshika

Marehemu Consolata alizaliwa Muheza tarehe 14 Machi 1983, mtoto wa tatu na wa mwisho wa hayati Mzee Nehemia Mhina na hayati Bi. Tausi wa Kigombe. Baba yake alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1991, akiwa na miaka thelathini na sita. Hakuwahi kuugua kitu, na jambo hilo lilikuja kumgharimu mama.

Alisoma shule ya msingi Nguvumali, Tanga, alikohamia na mama yake. Bi. Tausi aliwasomesha wanawe kwa kusuka mikeka. Alikuwa akipitisha kidole juu ya ukili, ule utepe wa miyaa iliyosukwa, huku anaongea na wageni, na palipokosewa alipajua bila kutazama. Kaka mkubwa wa Consolata alifariki kwa saratani ya mfupa mwaka 1996, akiwa na miaka kumi na tano. Wa pili alifariki kwa uvimbe wa ubongo mwaka 2009.

Baada ya matanga ya huyo wa pili, wazee wa ukoo waliketi kutafuta chanzo. Mzee Hosea, mdogo wake baba, alisema, “Huyu mwanamke anakula watoto.” Hakuna aliyembishia. Bi. Tausi alirudishwa Kigombe na mkeka mmoja.

Marehemu alipata shahada ya uzamivu mwaka 2016. Kazi yake ilikuwa protini moja, p53, inayoshika DNA na kuizuia seli yenye hitilafu isiendelee kugawanyika na kuwa saratani. Katika asidi amino zake 393, ile ya 248 huchomeka kama kidole kwenye mfereji mwembamba wa DNA. Ikibadilika hiyo moja, protini inabaki ipo, ila haishiki.

Alimweleza mama yake kwamba protini husoma DNA kwa kuipapasa.

“Umesoma miaka yote hiyo,” Bi. Tausi akamjibu, “ndiyo ujue ninachokijua mimi?”

Waliocheka siku hiyo walikuwa wawili tu, na marehemu aliikumbuka hadi mwisho.

Alifunga ndoa na Bw. Uweso Sabiri, mwalimu wa hisabati, mwaka 2012. Walijaliwa binti mmoja, Tuhfa.

Mwaka 2021 aligundulika na saratani ya matiti. Katika maabara yake alipima damu yake na ya mama yake. Ya mama haikuwa na kasoro. Yake ilikuwa na kasoro palepale, kwenye 248. Kwa hiyo ilitoka kwa baba, ambaye alikufa kabla haijamdhuru. Alipeleka majibu kwenye kikao cha ukoo.

“Maabara si yako?” Mzee Hosea akamuuliza. “Na karatasi si umeiandika mwenyewe?”

Watu walicheka. Bi. Tausi alifariki Agosti 2022, Kigombe, bado akiitwa mchawi.

Wakati huo Mzee Hosea alikuwa ameshazika watoto wake wawili nyumbani kwake Horohoro, wote kwa saratani. Vifo vya nyumba yake viliitwa vya Mungu. Vya nyumba ya Bi. Tausi viliitwa vya mkono wa mtu. Januari mwaka huu mwanawe wa tatu aliugua, na daktari, katika maabara nyingine kabisa, alipima damu ya baba na mwana. Mzee Hosea aliyaleta majibu yake kitandani kwa marehemu, amsomee. Ilikuwa 248, kwake na kwa mwanawe.

“Mwanangu,” akasema, “tulikosea kuhesabu.”

“Hapana, ba'mdogo. Makaburi yenu hamkuyahesabu kabisa.”

“Sasa nifanye nini?”

“Kamwambie mama.”

“Mama yako si marehemu?”

“Ndiyo maana nazikwa Kigombe.”

Alifariki tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, saratani ikiwa imeingia mapafuni.

Ameacha mume, binti yake Tuhfa, mwenye miaka kumi na moja, na baba mdogo, Mzee Hosea Mhina. Ameacha pia orodha ya majina kumi na tisa ya ukoo wa Mhina, akiomba kila mmoja akapime damu.

Kwa agizo lake, jeneza halitateremshwa mpaka Mzee Hosea asogee kwenye kaburi la kulia, la Bi. Tausi, na amwambie kwa sauti ya kusikika kwamba hakula mtoto yeyote. Tunamsubiri.

Alale salama, kando ya mama yake asiye na kosa.