Maji ya Kusuuzia Gari

Basini, mama mfua nguo alikuwa amepakata dumu. Dereva wa matajiri, aliyekaa naye kiti kimoja, akamuuliza amebeba nini.

“Maji, mwanangu. Bosi wangu kafunga mtambo wa kuyachuja chumvi, gari likisuuzwa likauke bila madoa.”

“Kwani nawe una gari?”

“Nina mjukuu. Maji ya kisima chetu yanamharisha.”

“Si ungeomba, mama?”

“Niliomba. Wakasema mtambo utachoka. Wanasuuza magari mawili kila asubuhi, hapo mtambo hauchoki.”

“Watakufukuza.”

“Jana yaliwapungukia, gari likakauka na madoa. Wakaniambia nikirudia sina kazi.”

“Na leo umechota tena?”

“Leo mtoto hajapona.”

Basi likasimama. Yule dereva wa matajiri, huku akitikisa kichwa, akamshushia dumu kwa mikono miwili, lisimwagike.