Upande wa Ayeeyo Kwenye Sinia

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Kabla sijataja jina la mtu yeyote nataja la Mwenyezi Mungu, kwa sababu ndiye aliyenifungua mdomo, na nyinyi mnaonijua hapa shuleni mnajua hiyo si kazi ndogo. Mimi ni yule wa kidato cha tatu ambaye mwalimu akiuliza swali anaangalia kiatu chake. Nimeomba nisome nikiwa nimekaa, na nimekubaliwa. Alhamdulillahi.

Naandika shajara tangu darasa la saba. Naandika kila kitu, hata mambo ya aibu. Ndiyo maana nyumbani kwetu Galbet, hapa Garissa, ayeeyo alipopatikana na ugonjwa wa sukari, kazi ya daftari nilipewa mimi. Ayeeyo ni bibi yangu, mama mzazi wa mama yangu. Likizo ndefu iliyopita, kila siku tukishakula chakula cha mchana, nilikuwa nasubiri masaa mawili, namdunga kidole, naweka tone la damu kwenye mashine, halafu naandika nambari. Ayeeyo hajui kusoma. Mashine ikilia anaangalia uso wangu, si mashine.

Ndugu zangu, niwaambie maisha yalivyokuwa kabla. Ayeeyo alivuka mpaka wa Liboi akikimbia vita, akiwa na mama yangu mgongoni, akakaa kambini Dadaab miaka mingi kabla hajaja kwetu. Kwetu tunakula sinia moja, wote tumezunguka. Mkubwa anaachiwa upande mzuri. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyetufundisha lakini sote tunalifanya: wali ukipungua mbele ya ayeeyo, wewe unausukuma kidogo kutoka upande wako uende kwake. Hooyo, yaani mama yangu, anasukuma. Wadogo zangu wanasukuma. Mimi nasukuma. Ayeeyo mwenyewe aliwahi kuniambia, "Siku wali usiposogea kuja kwangu, nitajua mmenichoka." Basi anakula, na ndizi yake kando, na chai ya maziwa baadaye.

Muuguzi wa kliniki ya sukari alituambia tupunguze wali nusu, na mahali pa ile nusu tuweke misir. Ni zile dengu ndogo za kahawia, dukani wanaziita kamande. Alieleza polepole kwamba wali ukishaliwa unageuka sukari na kukimbilia kwenye damu wote kwa mara moja, lakini misir huenda taratibu, kwa hivyo baada ya chakula sukari haipandi sana. Mimi nilielewa. Ayeeyo alimjibu kwa Kiswahili chake: "Daktari, mimi hapana kula misir. Hiyo chakula ya kambi."

Nje ya mlango akaniambia kwa Kisomali, "Nimekula misir miaka nikipanga foleni na karai. Mungu amenitoa huko. Sasa wewe na huyo kijana mnanirudisha?"

Nilimshika mkono tukaenda. Mimi kunyamaza ndiko nilikokuwa najua.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu. Muuguzi alisema baada ya chakula isizidi kumi; siku ya kwanza ya likizo mashine ilionyesha kumi na tano. Niliiandika. Hooyo alipoona daftari alilia, akamlaumu ayeeyo, ayeeyo akagoma kula chakula cha jioni, na nyumba nzima ikawa kama ina msiba. Siku ya pili ilikuwa kumi na sita. Ayeeyo akaangalia uso wangu, akauliza, "Ngapi?" Nikasema nane. Sijui ilitoka wapi. Uso wake ukafunguka, akanibariki, akasema Mungu amesikia. Nikaandika nane.

Kuanzia hapo niliandika uongo kila siku. Niliufanya mzuri kabisa, siku moja nane, siku nyingine tisa, ili usionekane kama uongo. Hooyo akawa anatabasamu. Chakula kilibaki kilekile, wali uleule, na sisi sote tunausukuma kwenda kwa ayeeyo. Tuliporudi kliniki muuguzi alisifu mwandiko wangu, akasema dawa ziendelee hivyo hivyo. Hata kwenye shajara yangu sikuandika. Wiki zile nimeandika habari za mvua na za paka.

Ndugu zangu, uongo wangu haukumponya mtu. Ayeeyo alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidogo tu, kamba ya ndara ilimchubua. Alianza kuvaa soksi. Tulidhani ni baridi ya uzee, na Garissa hii hakuna baridi. Asubuhi moja hooyo alikuwa anammiminia maji ya udhu, akamwambia atoe soksi, ayeeyo akakataa. Hooyo akaivuta mwenyewe. Kidole kilikuwa kimevimba na upande mmoja umekuwa mweusi. Harufu ilifika mpaka nilipokuwa nimesimama mlangoni.

Tulienda hospitali siku hiyohiyo. Daktari alikuwa mtu mpole. Alikagua mguu, akaosha kidonda, akatuambia waziwazi: atatupa dawa na tutarudi baada ya wiki tatu, na kama sukari haijashuka na kidonda hakijaanza kufunga, kidole kitakatwa, na wakati mwingine haishii kwenye kidole. Halafu akafungua daftari langu. Akageuza kurasa, akaangalia mguu, akaangalia daftari tena.

"Hizi nambari ni nzuri," akasema. "Sielewi."

Aliuliza ayeeyo amepimwa na nani. Hooyo akaninyooshea kidole kwa fahari. Nikaangalia kiatu changu. Daktari akaandika dawa zake, akatuambia tukasubiri nje aitwe mtu wa kufunga kidonda.

Tulikaa kwenye benchi. Ayeeyo alikuwa katikati, mguu ameunyoosha, anavuta tasbihi. Nilianza kuomba. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilisema tu, Ya Rabbi, nifungue mdomo, nifungue mdomo. Nikasema mara nyingi, sijui ngapi. Halafu nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

"Hooyo, zile nambari nilizitunga."

Hooyo hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia ilikuwa kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, kila siku. Nilikuwa nangoja kofi. Angenipiga ingekuwa afadhali. Alichukua daftari kutoka mkononi mwangu, akalishika muda mrefu, akanirudishia.

"Nenda ukamwambie daktari," akasema. "Mimi sitakusemea."

Niliingia peke yangu. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Daktari hakupaza sauti. Alichukua mashine, akabonyeza, na zile nambari za kweli zilikuwemo ndani, zimehifadhiwa, zote zinanishitaki. Akachana karatasi ya kwanza ya dawa, akaandika nyingine. Akasema, "Ningemtibu mtu ambaye hayuko. Umefanya vizuri kurudi." Nililia hapo, sasa siogopi kusema.

Kwa ayeeyo ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nilimwambia nyumbani, baada ya swala ya adhuhuri, nikiwa nimeinama miguuni pake. Akasema, "Wewe? Wewe ambaye ukimfukuza kuku unamwomba msamaha?" Akacheka kidogo, na kicheko kikaisha. "Ulikuwa unaniangalia usoni ukiandika?"

"Ndiyo, ayeeyo."

"Basi tulikuwa wawili. Mimi nilivaa soksi."

Akamwambia hooyo apike misir.

Ningependa kuwaambia siku hiyo sukari ilishuka. Haikushuka. Hooyo alipika misir na kitunguu na bizari, akaimwaga juu ya wali, mlima uleule kama kawaida. Tukala. Nikapima: kumi na tano. Ayeeyo akasema, "Mnaona? Chakula cha kambi hakitibu mtu." Nilirudia siku ya pili, ya tatu. Ilikuwa vilevile au karibu. Siku ya nne sikula vizuri, niliangalia mikono tu, na nikaona. Kila ayeeyo akila misir mbele yake, wali ulikuwa unafika. Hooyo anausukuma. Wadogo zangu wanausukuma. Mkono wangu mwenyewe ulikuwa unausukuma, na mimi ndiye ninayeandika daftari.

Siku ya tano alikuja abti, kaka yake hooyo, anayeuza mbuzi kule Tarbaj. Hooyo alipika vizuri kwa ajili ya mgeni. Tulizunguka sinia. Abti akamega nyama laini, akaiweka upande wa mama yake, kisha akausukuma wali, mwingi, kwa mkono wa mtu anayependa.

Nikasema, "Abti, tafadhali usimsukumie."

Mikono yote ilisimama.

"Umesema nini, binti?" akauliza abti.

"Wali. Usimsukumie ayeeyo wali."

"Mama yangu anyimwe chakula mbele ya macho yangu? Nani amekufundisha adabu hiyo? Shule?"

Ndugu zangu, hapo ndipo siku nyingine zote ningenyamaza. Lakini nilikuwa nimeshauona ule weusi wa kidole. Nikamwambia abti kwamba kila siku tunamheshimu hivyo, na kila siku heshima hiyo inamwingia kwenye damu mara moja. Nikamweleza ya misir, kwamba haifai kitu ikiwekwa juu ya wali uleule, lazima wali utoke ndipo yenyewe ikae mahali pake. Nikamwambia kuhusu wiki tatu. Nilisema mengi kuliko nilivyosema mwaka mzima.

Abti akamgeukia mama yake. "Ni kweli wanataka kukata mguu?"

"Kidole," ayeeyo akasema. "Usiniongezee."

Kisha akaweka mkono wake kwenye sinia. Kwa ubavu wa kiganja akausukuma wali wake mwenyewe kurudi kwetu, karibu nusu yote, pole pole, mpaka pakabaki nafasi. Akaniangalia mimi.

"Haya. Sukuma misir."

Nikasukuma misir. Hooyo akasukuma. Abti alikaa kidogo, amekunja uso, halafu naye akachota misir kwa vidole vyake vinne, akaiweka mbele ya mama yake, akasema, "Kula, mama."

Alasiri ile nilimpima. Ilikuwa kumi. Nilikaa na mashine mkononi, sikuamini. Ayeeyo akaangalia uso wangu, akauliza, "Ngapi?" Nikamwambia kumi. Akauliza, "Ya kweli?" Nikampa mashine aishike, ingawa hajui kusoma, na hooyo akamsomea.

Sisemi kila siku ilikuwa hivyo. Siku ya ndizi ilipanda, na nikaandika kwamba imepanda. Sisemi pia ni misir peke yake, kwa sababu kulikuwa na dawa mpya na kidonda kilikuwa kinaoshwa kila asubuhi, na daktari alisema kusiachwe kitu hata kimoja. Lakini daftari lilianza kushuka, na safari hii halikushushwa na mimi.

Wiki tatu zilipoisha tulirudi. Daktari alifungua bandeji. Upande ule mweusi ulikuwa umebanduka, na chini yake kulikuwa na nyama nyekundu, safi. Alibonyeza hapa na pale. Akasema hatakata kitu. Ayeeyo alisema "Alhamdulillah" kwa sauti ya chini, akaomba soksi yake, daktari akamkataza.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu kwa kile kidole. Namshukuru kwa mama aliyekataa kunisemea. Wengi wenu mna ayeeyo nyumbani, na wengine mnapewa kazi ya kuandika nambari kama mimi. Kama kuna uliyoiandika ya uongo ili watu wafurahi, usingoje iwe kidonda. Mwombe Mungu akufungue mdomo, atakufungua, mimi alinifungua. Mwambie mama leo, ukifika nyumbani, kabla hamjakaa kula.