Mungu Alinipanulia Nafasi Kisogoni

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Hapo nyuma mmejibu kama watu hawajakunywa chai. Bwana asifiwe tena! Haya, sasa mko.

Kwa mgeni ambaye hanijui, mimi ni Mama Shiro wa hapa Lanet, mke wa yule mzee wa viazi aliyekaa karibu na dirisha, anayejifanya hanijui. Nilizaliwa Kabazi, nikaolewa huku, na tangu niolewe nimeimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa hili. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa sababu natembea kwa miguu yangu na mikono yangu bado inafanya kazi. Ndugu zangu, kuna wakati sikuwa na hakika na hayo.

Wengi wenu mlinijua kama mama wa upako. Nikipanda ile sauti ya juu kabisa wakati wa sifa, naanguka. Wahudumu wananidaka, wananilaza chini, wananifunika leso miguuni, na pasta anasema, "Msimguse, Bwana anamhudumia." Baada ya ibada watu wanapanga laini niwaombee. Nami niliamini! Lakini kabla ya kila kuanguka, kisogo kilikuwa kinapasuka kwa maumivu, kutoka hapa chini ya fuvu mpaka mabegani. Hakuna aliyeniuliza kama kunauma. Nikadhani ndivyo upako unavyoingia.

Kumbe maumivu yenyewe hayakuwa ya kanisani peke yake! Nikiinama kuokota viazi, yapo. Nikicheka, yapo. Nikipiga chafya, naona giza. Nilizunguka hospitali. Nikapewa dawa ya presha, nikapewa dawa ya pua, nikapewa miwani. Miwani ni mizuri, hata leo nimevaa, lakini kisogo hakikuona tofauti yoyote.

Halafu siku moja nageuza chapati, nikasikia binti yangu Shiro anapiga kelele, "Mum, mkono! Mkono!" Mkono wangu wa kulia ulikuwa umelala juu ya kikaango, ngozi inaungua, na mimi sisikii kitu. Harufu ndiyo iliyoniambia. Ndugu zangu, niliogopa! Baada ya hapo miguu nayo ikaanza kuwa mizito, natembea kama mtu anayekanyaga godoro. Nililia mbele za Mungu nikamuuliza, nikishalala kitandani bila mikono na bila miguu, ni nani atawalea watoto hawa?

Mungu alinijibu kwa pilipili. Ndiyo, chekeni tu! Nilikuwa jikoni, pilipili ikaungua kwenye mafuta, nikakohoa, nikaanguka chini pu! Baba Shiro akaja mbio, akasimama hapo akijikuna kichwa.

"Mama Shiro, hapa hakuna ibada. Hakuna hata kinanda. Sasa hii ni upako gani ya pilipili? Kesho tunaenda hospitali, na si ile ya miwani."

Tukaenda Nakuru mjini. Daktari tuliyempata, msichana mdogo tu, hakuniuliza inauma wapi tu, aliniuliza pia inauma ukifanya nini. Akaniambia nifunge macho, akanigusisha chupa ya maji baridi mkononi. Sikujua kama ni baridi. Akaagiza nipigwe picha ya kichwa na shingo.

Picha ilipotoka, daktari wa upasuaji alituonyesha. Chini ya fuvu, pale linapokaa juu ya shingo, kuna tundu ambalo uti wa mgongo unapitia. Kwangu mimi, chumba cha nyuma cha fuvu kiliumbika kidogo, ubongo wa nyuma ukakosa mahali pa kukaa. Ncha yake ikateremka ikaingia kwenye lile tundu mpaka shingoni, ikaziba njia. Maji yanayozunguka ubongo yakakwama, yakajikusanya ndani ya uti wa mgongo, na hayo ndiyo yaliyoninyang'anya hisia za mkono. Nikikohoa au nikiimba kwa nguvu, ubongo unasukumwa chini zaidi, ndipo naanguka. "Ulizaliwa hivi, mama," akasema. Nikalia kwa furaha! Si pepo, si laana, si jirani. Ni mfupa!

Akanipiga picha nyingine nimeinamisha kichwa, na nyingine nimeinua uso, aone kama pingili za juu za shingo zimelegea. Zingelegea, angezifunga kwa vyuma. Zilikuwa imara. Haleluya kwa pingili! Na kuna mama mmoja wa kunyoosha watu shingo niliyekuwa nimepanga kumwendea; daktari alisema asiniguse hata kwa kidole.

Dawa ikawa ni kukata mfupa kidogo hapa kisogoni, ili ubongo upate nafasi. Alinieleza wazi kwamba anataka kuzuia ugonjwa usiendelee, na kwamba yaliyokwisha kupotea huenda yasirudi. Wengine wenu mliniambia kisu ni kukosa imani. Ndipo pasta akaja nyumbani, nikamwekea chai, akaiacha ikapoa. Akasema, "Mama Shiro, tumekuwa tukimshangilia mtu mgonjwa. Utusamehe. Enda ukatibiwe, na sisi tutakuombea mpaka utoke."

Nikaenda. Siku chache baada ya upasuaji, nesi akaniambia nikohoe nisafishe kifua. Nikamwambia dada, wewe hujui unaniomba nini! Nikashika kitanda, nikafunga macho, nikakohoa. Kidonda kiliuma, ndiyo. Lakini yale mengine, ile ngurumo ya kisogo, nikaingoja, nikaingoja. Haikuja! Nikakohoa tena kwa kusudi. Wagonjwa wenzangu walidhani nimechanganyikiwa, maana nilikuwa nakohoa huku nikisema asante Yesu.

Mkono wa kulia bado haujui moto na baridi, maji ya kuoga napima kwa wa kushoto. Lakini miguu imepata nguvu, na leo nimetoka nyumbani mpaka hapa bila kushikwa na mtu.

Wapendwa, mtegemeeni Mungu huyu. Anasikia maombi, na amewapa watu akili ya kuona ndani ya mifupa. Kama kuna mtu hapa amebeba maumivu ambayo hajamwambia yeyote, ainue mkono tu. Msiangaliane. Naona mkono. Asante, dada yangu, shusha, nimekuona. Ibada ikiisha usiondoke. Tutaomba wawili, halafu unieleze inauma wapi.